Maji Yaliyochafuka Bondeni

Wazo la kwenda kutembea vijijini lilikuwa la Amur. Zamani alikuwa karani wa meli, na siku moja meli ilipotia nanga katika nchi ya Malaya, yeye na wenzake walipakiwa kwenye basi wakatembezwa kutwa nzima katika vijiji vya wakulima wa mpunga. Kila kijiji waliteremka, wakakaa mkekani, wakala. Kilichomshangaza ni wali: ulipikwa kwa tui, ukaletwa juu ya jani la mgomba pamoja na dagaa na pilipili. "Nilijiona niko Unguja," alipenda kusema.

Mwisho wa mwaka 1970 familia yake ilikuwa bado ngeni Maskati. Amur alikuwa amepata kazi serikalini, na mama yake, Bi Kheiria, hakuwa na neno jingine ila kukiona kijiji alichozaliwa babake. Amur akaazima Landrova pamoja na dereva wake, Bakhit, kijana wa Pemba ambaye naye alikuwa mgeni katika nchi ile.

"Tutafanya kama kule Malaya," Amur alisema. "Kijiji hadi kijiji, tunakula cha wenyewe."

Mkewe, Muhsina, hakutaka kwenda. Mwaka wa mapinduzi huko Unguja, akiwa msichana, alilala chini ya kitanda huku akisikiliza viatu vya watu vikipanda ngazi za nyumba yao. Tangu hapo, popote alipoingia alikaa karibu na mlango. Amur alishazoea kumtania kwa hilo.

Walitoka asubuhi, wakapita Wattaya, ambako wakati huo kulikuwa na changarawe tupu, hadi Al Khoudh. Hapo njia iliingia ndani ya wadi, mto mkavu uliobanwa na majabali pande zote mbili. Barabara haikuwapo. Gari ilipita juu ya mawe ya mtoni, pembeni mwa kijito chembamba cha maji. Kila walivyokwenda, majabali yalizidi kusogeleana. Muhsina alitazama juu, akaona mbingu imebaki kama ufito.

Kijiji cha kwanza walipokewa na wanaume wenye bunduki mabegani, nyuso wamezikunja. Muhsina alishika mkono wa mkwewe. Lakini Bi Kheiria alipotaja jina la babake na kabila lake, nyuso zilifunguka. Mwanamke aitwaye Nasriya aliwaingiza ndani, akawatandikia, akaleta kahawa na tende, mikate myembamba kwa asali, na papa mkavu aliyekamuliwa ndimu. Mwisho ikaja sinia inayofuka moshi, ya ngano iliyopondwa pamoja na nyama.

Bi Kheiria alionja, akaweka mkono kifuani. "Jamani! Si bokoboko hili!"

Nasriya hakulijua neno hilo. Kwake yeye ni harisi. Basi wakacheka wote, na Bi Kheiria akala mpaka akatafuta pa kuegemea. Muhsina alimega kidogo tu. Chakula kilikuwa kitamu, lakini macho yake hayakubanduka mlangoni.

Baada ya sala ya adhuhuri wakaondoka kwenda kijiji cha pili, kile cha babake Bi Kheiria. Hawakufika mbali. Katikati ya wadi gurudumu moja lilizama mchangani. Bakhit akaingia chini ya gari kuchimba, Amur akakunja mikono ya kanzu kumsaidia. Muhsina alibaki kitini, akikitazama kijito. Asubuhi maji yake yalikuwa meupe, kila kijiwe kinaonekana. Sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na vijiti vikielea.

"Amur, maji yamechafuka."

"Si Bakhit anachimba."

"Uchafu unatoka juu. Bakhit yuko huku chini."

"Ushaanza, Muhsina! Jua lote hili, mvua iko wapi?"

Hakujua maana ya maji yale. Alijua tu kwamba akiendelea kukaa pale atapiga kelele. Akafungua mlango. "Mimi nashuka. Napanda kule jabalini."

Amur alitaka kucheka, lakini mama yake alishaanza kujivuta kutoka kitini. "Nipe mkono, mwanangu. Siwezi kumwachia mtoto wa watu apande mawe peke yake. Na miguu yangu nna haja ya kuinyoosha."

Walipanda, Muhsina akivuta, Bi Kheiria akinung'unika na kuhema. Walikuwa wamefika kwenye jiwe pana pale ngurumo iliposikika, kama malori mengi yanayopandisha mlima. Amur, kule chini, aliinua kichwa.

"Kimbia!" Muhsina alipiga kelele. "Amur, kimbia!"

Maji yalitokea kwenye kona yakiwa yamesimama kama ukuta, mekundu, yamebeba magogo ya mitende. Bakhit alichomoka chini ya gari, akachupa upande wa pili. Amur alipiga hatua, akaanguka. Kisha gari ikageuka ubavu, na pale alipokuwa Amur hapakuwa na kitu ila maji.

Wakabaki juu ya jiwe. Waliita mpaka sauti zikakauka, na ngurumo ikazimeza zote. Bi Kheiria alikaa chini, akawa anarudia jina la mwanawe na la Mungu pamoja, bila ya kituo. Kitu cheupe kilipita kikizunguka, na Muhsina akaziba mdomo. Kilikuwa gunia.

Jua lilipoanza kushuka, watu wa kijiji cha Nasriya walitokea juu ya jabali wakiwa na kamba. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani; walisikia maji yakishuka, wakajua wageni wako njiani. Walimkuta Bakhit mzima. Amur walimkuta chini zaidi, amekumbatia mkunazi kwa mkono mmoja, wa pili umevunjika.

Walimleta kwa njia ya mlimani, ametapakaa matope, meno yanagongana. Bi Kheiria alimshika uso, akalia. Amur alimtafuta mkewe kwa macho.

"Muhsina," aliita, akamnyooshea mkono ulio mzima.

Muhsina alipiga hatua kumwendea. Kutwa nzima miguu yake ilikuwa imemtii. Sasa, hatari imekwisha, ilianza kutetemeka hata akashindwa kusimama, ikabidi Nasriya, aliyefuatana na wanaume, amkalishe na kumshika magoti yake kwa mikono miwili.