Unga wa Minyoo Kanja

Mnaniuliza kwa nini nawakalia kooni hivi kwenye somo la dawa za mifugo, hata jana nikamtoa Karimi darasani kwa kumpa mfugaji chupa bila kumweleza neno. Haya, nitawaambia. Halafu mnichukie vizuri.

Mwaka wa hamsini na tano, Imajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza dhidi ya Mau Mau, imepamba moto, nilikuwa nasomea kugawa dawa hospitalini Embu. Bwana mifugo wa upande wa Runyenjes alikuwa amekamatwa, basi sisi wa dawa za watu tukaamriwa tujifunze na za ng'ombe. Wiki mbili tu! Mwalimu wetu, Kathuri, alikuwa mtu wa mizani na vidonge. Ng'ombe alimjulia kwenye sahani. Akatufundisha desturi ile ile ya dirisha la dawa: mgonjwa haambiwi kilichomo kwenye chupa, akijua ataogopa au atabishana. Mpe, mwambie mara ngapi kwa siku, mwite anayefuata.

Nikatumwa Kanja na mkebe wa unga wa kijani wa minyoo. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kurundikwa kijiji kimoja chenye handaki pande zote. Ng'ombe wa Mbaka, hedimani wao aliyewekwa na serikali, walichungwa na tata Nelius, dada ya baba yangu, aliyeolewa huko. Mumewe alikuwa kizuizini. Nikakoroga dawa, nikawanywesha ng'ombe wanane mmoja mmoja. Tata akauliza, "Kithinji, hicho ni kitu gani?"

Nikajitia ubwana. "Tata, wewe shika pembe tu."

Mkojo ungekuwa mwekundu siku mbili kisha urudi kawaida, wala si hatari. Nilijua, iliandikwa kwenye mkebe. Sikumwambia.

Kesho yake ng'ombe wakakojoa mkojo mwekundu. Siku zile ikisemwa ng'ombe wa hedimani wametiwa sumu, ilihesabiwa kazi ya Mau Mau, hakuna aliyeuliza mara mbili. Homgadi, wale askari wa kijiji wa serikali, wakamchukua tata. Habari ilinifikia siku ya pili, na pasi ya kutoka Embu nikaipata siku ya nne. Kathuri alinisihi nisiende.

"Utaozea huko pamoja naye," akasema.

Nilikwenda hata hivyo. Ng'ombe niliwakuta wanakula majani, wazima kabisa, mkojo umerudi kama kawaida. Nikamweleza Mbaka yote na kumpa mkebe. Akausoma polepole, akanirudishia.

"Mama mwenyewe amekiri," akasema. "Ameweka kidole, na karatasi imeshakwenda kwa Disii, mkuu wa wilaya."

"Lakini mzee, ng'ombe hawa hapa, wako hai."

"Sasa unataka nikamwambie Disii nilitishwa na mkojo?"

Wakamtoa tata kumpandisha lori. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Nikamkimbilia, nikasema kwa sauti homgadi wote wasikie kwamba ni mimi niliyewanywesha ng'ombe, mimi, na ilikuwa dawa. Wakacheka. Tata akanishika mkono, akaninong'oneza.

"Nyamaza, mwanangu. Nimewaambia sumu niliichuma mwenyewe porini. Jina lako sikulitaja hata waliponipiga."

Nikasema, "Tata, ni ya minyoo, haki ya Mungu." Akatikisa kichwa, akanionea huruma, mimi. Wakamsukuma ndani ya lori.

Alifia kizuizini mwaka uliofuata, akiamini kwamba niliwatilia ng'ombe sumu na yeye ameniokoa.