Aliyemwona Gakii

Mtoto wa Winfred na Arnold Oloo alizaliwa Doha mwaka 2013 akiwa tayari amekufa. Winfred alikuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, na presha ilipompanda wakamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi. Alipopata fahamu sawasawa, mtoto alishapelekwa mochari na Arnold alikuwa akizunguka maofisini kutafuta karatasi za kumsafirisha. Kafili wake, mwenye kampuni ya kompyuta aliyoifanyia kazi, alimpa kibali cha kutoka nchini bila maswali. Arnold akaja wodini, akamshika mkewe mkono.

"Nampeleka nyumbani, Win. Wewe pona kwanza."

Akaondoka. Kwa hiyo Winfred hakumwona mtoto wake, wala hakumzika. Alibaki kitandani, na maziwa yakaja kama yanavyokuja kwa kila mama. Yeye mwenyewe alikuwa nesi, alijua yatakuja, lakini kujua hakukumsaidia kitu. Damaris, nesi mwenzake kutoka Kisii, alimletea majani ya kabichi yaliyotoka kwenye friji, akampangia kifuani ili maziwa yakauke. Alipomaliza akamfunika shuka, akaketi naye mpaka walinzi wa wodi walipomfukuza.

Arnold alirudi kutoka kwao Homa Bay amekonda, shati linamning'inia mabegani.

"Mlimzika vizuri?" Winfred alimuuliza.

"Vizuri."

"Wapi?"

"Pale nyumbani, karibu na babu."

Alisema hivyo huku akivua viatu, na hakuinua uso. Kabla ya msiba walikuwa wakibishana kwa utani juu ya jina: Arnold alitaka mtoto aitwe Rael, jina la mama yake, Winfred alitaka Gakii, jina la mama yake aliyeko Nkubu, Meru. Sasa hakuna aliyetaja jina lolote. Wakilazimika kugusia mambo hayo walisema "yale yaliyotokea," na baada ya muda hata hilo wakaliacha.

Waliishi Al Wukair, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo kimoja kilikuwa kimepakwa rangi upya kwa ajili ya mtoto. Arnold alinunua baiskeli kutoka kwa Mfilipino aliyekuwa akirudi kwao, akaanza kuondoka alfajiri za Ijumaa kabla jua halijawa kali. Winfred aliachwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na kimya kisichokalika. Ijumaa moja alitoka naye. Baada ya hapo akanunua baiskeli yake.

Waliendesha vizuri pamoja, labda kwa sababu upepo hauruhusu maongezi. Doha ni tambarare kama sinia. Mlima pekee waliokuwa nao ni daraja la juu lililovuka barabara ya kwenda Al Wakrah. Walilipanda, wakalishuka, wakageuza, wakalipanda tena, huku madereva wa malori wakiwapigia honi na kucheka. Wakifika nyumbani waliosha baiskeli, wakanywa chai, na kila mmoja akaenda kwenye simu yake.

Damaris ndiye aliyewaletea habari za safari. Daktari mmoja wa kliniki yao alikuwa ameenda likizo ya baiskeli katika milima ya Ulaya ya kusini mashariki, nchi baada ya nchi, na kiongozi wa kuwaonyesha njia, na gari la kubeba mizigo likiwafuata nyuma. Unaanzia Makedonia, unavuka Albania, unamalizia Montenegro baharini.

"Nendeni," Damaris alimwambia Winfred. "Mnakaa humu ndani kama wapangaji wawili. Nendeni mkapumue mbele ya watu wasiowajua."

Winfred alimweleza Arnold akitarajia akatae. Arnold aliitazama ramani kwenye simu kwa muda mrefu.

"Huko kuna milima ya kweli," alisema.

"Kwani unaogopa?"

"Naogopa wewe utaniacha nyuma." Akatabasamu kidogo, na Winfred akaliweka lile tabasamu moyoni kama kitu cha akiba.

Kutafuta viza na vibali kulichukua miezi mingi. Mwezi wa sita mwaka 2015 wakapanda ndege kupitia Istanbul, na keshoye walikuwa kando ya ziwa la Ohrid, pamoja na wastaafu wachache kutoka Uholanzi na ndugu wawili wa Kanada. Kiongozi wao aliitwa Agim, Mwalbania mwenye mvi na miguu myembamba kama ya korongo. Kazi yake ilikuwa kuendesha nyuma kabisa, pamoja na yule anayechoka kuliko wote. Tangu siku ya kwanza huyo alikuwa Arnold.

Winfred alijishangaa. Alikuwa amelelewa kwenye miinuko ya Nkubu, akipanda na kushuka kwenda shule, na miguu yake ilikumbuka. Barabara ya mlima wa Galičica ilijikunja na kujikunja katikati ya miti, naye akawapita Waholanzi mmoja mmoja. Alipofika juu alisimama. Upande huu kulikuwa na ziwa, na upande ule ziwa jingine, yote mawili ya buluu, hayajuani. Akaanza kucheka peke yake. Arnold alipofika, uso umemwiva na jasho linamtoka kidevuni, Winfred alimkimbilia akamkumbatia hivyo hivyo na kofia yake ngumu kichwani.

"Umeniacha nyuma," Arnold alisema akihema. "Si nilikwambia?"

Jioni ile, mezani, mkono wa Arnold uliutafuta wa mkewe chini ya kitambaa cha meza na kuushika. Winfred alilala akiwaza kwamba labda Damaris alijua alichokisema.

Siku kadhaa baadaye walikuwa wakipanda milima ya kaskazini mwa Albania. Winfred alitangulia kama kawaida yake. Kwenye kona moja kulikuwa na maji ya mlimani yanayotoka kwenye bomba lililojengewa ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kivuli. Alikunywa, akajaza chupa, akailaza baiskeli kwenye nyasi upande wa kivuli, akaketi kumngoja mumewe. Alikusudia amnyunyizie maji akifika.

Akasikia breki. Akasikia Agim na Arnold wakishuka, wakinywa, wakicheka juu ya magoti yao. Alikuwa amekwisha kushika chupa tayari kuinuka, ndipo Agim alipouliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nyinyi wawili, mna watoto?"

Winfred alilijua jibu. Watu wa kanisani waliuliza, majirani waliuliza, na siku zote Arnold alijibu, "Bado."

"Tunaye mmoja," Arnold alisema. "Msichana. Anaitwa Gakii."

Winfred hakuinuka.

"Tulimzika," Arnold aliendelea. Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ambayo Winfred hakuwa ameisikia nyumbani kwa muda mrefu. "Niliruka naye kutoka Doha, mimi juu, yeye chini na mizigo. Mama aliyekaa kando yangu aliniuliza kama naenda likizo. Nikamwambia ndiyo. Akanipa peremende."

Chupa ya Agim ilisikika ikijazwa maji.

"Kutoka Kisumu nilimpakata. Binamu yangu alitaka kuweka sanduku kwenye buti, nikakataa. Tulipofika, wazee wakasema mtoto wa aina hiyo huzikwa haraka, bila jina, bila maneno. Nikawaambia ana jina. Mama yangu akasema hilo si jina la kwetu. Nikamwambia ni jina alilolitaka mama yake, na mama yake yuko hospitali, na hana kitu kingine cha kumpa." Akaongeza, "Kabla ya kumshusha nilifungua sanduku. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilimtazama sana. Wakagonga mlango mara mbili ndipo nikafunga."

"Na mkeo?" Agim aliuliza.

"Mke wangu hajamwona. Nami sijamwambia."

Maji yaliendelea kutoka bombani. Baadaye zikasikika baiskeli zikiondoka, Agim akimwambia mwenzake ashushe gia. Winfred alibaki nyuma ya ukuta na chupa mkononi. Gari la mizigo lilipofika, dereva alimkuta pale pale. Alimwonyesha tumbo, kama mtu mgonjwa, akapanda ndani.

Walilala katika nyumba ya wageni kijijini. Kabla ya chakula, jua likiwa bado kwenye vilele, Winfred alimwita Arnold nje, penye uzio wa mbao.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta," alimwambia. "Pale kwenye maji."

Arnold alishika uzio.

"Ulimwona," Winfred alisema.

"Nilimwona."

"Na ukampa jina nililolitaka. Miaka miwili, Arnold. Mimi nimekuwa nikimwita nani? Nikiomba, nimekuwa nikimwita nani?"

"Ulivyoniuliza siku ile niliporudi, nilikuangalia nikaona nikikwambia utakufa. Nikasema ningoje upate nguvu. Halafu ulivyopata nguvu nikaona nimechelewa. Kila siku nilichelewa zaidi."

"Lakini Agim umemwambia."

"Agim si mama yake."

Winfred alivuta pumzi. Hasira ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na njaa kubwa kuliko hasira, na hiyo ndiyo iliyozungumza. "Basi, niambie mimi. Sasa hivi. Alifanana na nani? Anza popote."

Arnold alifungua mdomo. Akaufunga. Alijaribu tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, akageuka akaegemea uzio, na kilichotoka kilikuwa kilio tu, kilio cha mwanamume ambaye hajajifunza kulia. Winfred alimwekea mkono mgongoni, akangoja, kama anavyongoja na wagonjwa wake.

"Siwezi, Win," alisema hatimaye. "Kwako siwezi."

Winfred aliutoa mkono wake.

Walimaliza safari. Walivuka kuingia Montenegro, wakashuka mabonde yenye mito ya kijani, na Winfred aliendesha mbele kiasi kwamba hata Wakanada hawakumfikia. Huko Kotor, penye ghuba iliyozungukwa na milima, kikundi kilipiga picha ya mwisho. Katika picha ile Winfred amesimama mwisho wa kulia na Arnold mwisho wa kushoto, na Waholanzi wote katikati wanacheka.

Doha ilikuwa bado inaungua kwa joto, kama walivyoiacha. Winfred aliomba likizo nyingine, akaomba kibali chake, akaenda Homa Bay peke yake. Mama mkwe wake, Rael, alimpokea getini akalia kabla hajamsalimia. Alimpeleka kwenye kaburi dogo lililofyekewa majani vizuri.

"Mwanangu, nilimkatalia Arnold lile jina," Rael alimwambia. "Sasa ndilo ninalomwita nikija kupalilia."

"Mama, wewe ulimwona?"

"Sikumwona. Arnold alitufungia mlango. Hakuna aliyemwona ila yeye."

Winfred alikaa pale kando ya kaburi mpaka mavazi yake yakaloa umande, na aliporudi Qatar alikuwa amekwisha kuamua kuachana na Arnold. Hawakugombana. Waliishi miezi michache zaidi wakipishana mlangoni kwa heshima, huyu anatoka zamu, huyu anaenda ofisini. Damaris alipojaribu kuwapatanisha, Winfred alimwambia, "Kunificha nimeshamsamehe. Lakini nikimwangalia naona macho yaliyomwona mtoto wangu, na hayawezi kunipa yalichokiona. Nitaishi vipi nikiyatazama kila asubuhi?"

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema akiniangalia anaona alichoninyima."



Mapema mwaka uliofuata Arnold alipata chumba Umm Salal, karibu na ofisi mpya ya kampuni yao. Mpakistani mwenye pikapu alikuja asubuhi kuchukua vitu, ambavyo havikuwa vingi. Winfred alimsaidia kushusha vitabu na baiskeli. Pikapu ilipokuwa imefungwa kamba, Arnold alirudi mpaka chini ya ngazi, aliposimama mkewe, akiwa ameshika funguo za nyumba. Akamkabidhi. Hakuondoka.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema.

Winfred alishika chuma cha ngazi.

"Nyingi, Win, zimeshuka mpaka masikioni. Paji lako. Hili hapa, lilivyo pana. Midomo yangu, maskini. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kama cha mama yako, nilikinyoosha kikarudi. Walikuwa wamemvalisha lile sweta la manjano ulilomnunulia, lilikuwa kubwa, mikono imefunika vidole, nikaikunja. Alikuwa mzito. Sikutarajia awe mzito."

Dereva alipiga honi. Arnold aliendelea. Alisema juu ya kucha, juu ya alama nyekundu kwenye kope, juu ya mguu mmoja uliotoka nje ya shuka na jinsi alivyoufunika. Maneno yalitoka mfululizo, bila kilio, huku akimwangalia usoni. Honi ikalia tena. Winfred alisikiliza bila kupepesa, akipokea kila kitu, na kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa na uso.

Arnold alipomaliza walisimama tu. Miezi kadhaa nyuma, kwenye uzio ule wa mbao, maneno hayo yangewarudisha nyumbani pamoja. Wote wawili walilijua hilo.

"Asante, Arnold," Winfred alisema.

Arnold aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumshika mkono, akaona ana funguo, akamgusa begani badala yake. Kisha akaenda, akapanda kando ya dereva.

"Khalas, tumemaliza?" dereva aliuliza, akiwasha gari.

"Khalas," Arnold alijibu.

Winfred alikuwa na zamu ya mchana. Alipanda ngazi kwenda kuvaa sare, akilitaja lile jina kwa sauti, polepole, na ule uso mbele yake.