Msiba wa Sanduku la Chimbwasa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye msiba wa sanduku.

Sanduku lenyewe nalijua. Ni seli ya haidrojeni, na limekaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya zahanati ya Chimbwasa. Linanywa gesi ya mtungini, linavuta hewa ya Mungu, linatoa umeme na matone ya maji. Umeme unawasha taa ya chumba cha kujifungulia, chumba ambacho hakina dirisha la maana. Maji anayakinga Sista Yunis, muuguzi wa pale, na kuwachemshia chai wazazi, kwa sababu kisima cha Chimbwasa kina chumvi na chai yake hunywewa kwa uvumilivu.

Lililetwa kwa ushirikiano wa kimataifa. Kampuni moja ya Norwe ilitoa sanduku na mitungi. Chuo kikuu kimoja cha Korea kilitoa utando mwembamba uliomo ndani yake, ambao ndio moyo wa kazi. Chuo chetu cha Dodoma kilinitoa mimi. Mkataba ulisema majaribio yakimalizika, sanduku litazimwa na mshirika mwenyeji, litafunguliwa, na kila mmoja atachukua kipande chake akakichunguze kwao. Mwenyeji ni mimi. Majaribio yamemalizika, na leo asubuhi ndiyo siku ya kulizima. Hakuna aliyefikiria itakuwaje kama sanduku litakuwa bado zima, na hili ni zima kuliko mimi.

Jana jioni Sista Yunis aliniuliza, "Injinia, kesho unatuzimia?"

"Nitaongea nao," nikamjibu.

Akanitazama, nami nikatazama chini. Sote tulijua maneno yangu yana uzito gani mezani kwao. Nikaenda kulala nyumba ya wageni moyo ukiwa mzito, na ndoto haikunipa hata nafasi ya kujigeuza.

Basi, katika ndoto ni saa sita mchana. Nafika zahanati. Nje kumetandikwa mikeka, na mitungi ya haidrojeni imeketi ukutani imevaa makoti, kila mmoja na kikombe cha chai.

"Pole na msiba," mtungi mkubwa unaniambia.

"Nani amefariki?"

"Seli."

"Mbona naisikia inapumua?"

Mtungi unapuliza chai yake. "Saa zake zimekwisha," unasema. "Kupumua ni mambo yake binafsi."

Nikapewa kikombe. Chai ilikuwa imepikwa kwa maji ya marehemu mwenyewe, na haikuwa na chumvi hata kidogo. Nikainywa yote, maana nilikuwa na kiu, na msibani hakuna anayekataa chai.

Ndipo akaja Bwana Nygaard wa kampuni ya Norwe. Huyu ni mtu mrefu, mpole, ambaye kabla ya kuja nchini alipewa semina ya mila za wenyeji. Tangu hapo hajawahi kukosea mila hata moja, na hapo ndipo penye matatizo.

"Mbukwenyi," akanisalimu Kigogo, kama anavyomsalimu kila mtu, hata mbwa wa zahanati. Kwapani alikuwa na mkeka mpya uliokunjwa. "Pole sana, Injinia. Mfiwa hukaa mkekani apokee rambirambi. Tafadhali kaa."

"Mimi si mfiwa."

"Wewe ni mwenyeji. Bila wewe kukaa, msiba haujaanza. Na msiba usipoanza, hatuwezi kufungua sanduku."

"Nataka nimwone marehemu kwanza."

"Hiyo pia ni mila," akasema, akanipisha.

Kwenye kibanda hakuna mlango. Pale palipokuwa na mlango pametandazwa utando, mwembamba, unang'aa kwa unyevu, umevaa kofia ya Uhamiaji. Kando yake amesimama Profesa Seo wa Korea, mama aliyeutengeneza, anaupulizia maji usikauke. Ananiinamia, namwinamia. Macho yake ni mekundu.

"Unakwenda wapi?" utando unaniuliza.

"Ndani."

"Wanaopita hapa ni wale waliokwisha kuvua mzigo. Wewe umebeba nini?"

"Mikono mitupu, kama unavyoiona."

"Umebeba wasiwasi. Zunguka nje, upite kwenye waya."

"Waya unapita wapi?"

"Unapita kwenye taa," utando ukasema. "Hiyo ndiyo kazi ya wanaokataliwa hapa. Kama ningepitisha wote, huko chumbani kungekuwa giza."

Sheria hiyo naijua. Nimewafundisha wanafunzi miaka nenda miaka rudi, nikichora ubaoni mishale ya protoni na elektroni: hawa wanapenya, hawa wanazunguka, na mzunguko wao ndio umeme. Sikuwahi kujiuliza kama mshale huchoka.

Nikaanza kuzunguka. Waya ni njia nyembamba ya shaba, ina vuguvugu chini ya nyayo. Napita nyuma ya kibanda, nakata kona, na kumbe nyuma ya kibanda ni Korea, ukumbi mrefu wa maabara wenye ndoo ya kusafishia sakafu. Nakata kona nyingine, niko Norwe, kwenye theluji, watu wamekaa mezani nje wanajadili mahali pa kwenda baada ya Chimbwasa. Hakuna anayeinua kichwa. Nakata kona ya tatu, niko darini mwa zahanati, ndani ya taa.

Chini yangu yuko mama kitandani, kafunga kitenge cha kijani, ameuma upindo wake. Sista Yunis ameinama mbele yake. Nikapunguza mwendo nitazame, na mwanga ukapungua.

"Taa," Sista akasema bila kuinua uso, "usinifanyie hivyo."

"Ni mimi, Sista."

"Najua ni wewe. Tembea."

Nikatembea. Niliporudi mbele ya zahanati, Bwana Nygaard aliingia kwenye waya akawa ananifuata kwa nyuma, na mkeka wake.

"Injinia, mfiwa hatembeitembei. Watu wataona vibaya."

"Nikikaa, taa inazimika. Kuna mama anajifungua."

Akafikiri kwa huruma. Yule bwana ana huruma, siwezi kumsingizia. "Taa iko kwenye jalada la ripoti yetu," akasema. "Tumeipiga picha ikiwaka. Pale haitazimika kamwe."

"Huyo mama hajifungulii kwenye ripoti."

"Hilo nalo tutalipeleka kwa wahusika," akajibu, akabaki nyuma akitafuta mahali pazuri pa kutandika.

Mzunguko uliofuata nilikuta mirathi imeshaanza. Mtungi mkubwa umesimama unagawa, na mitungi mingine inaitikia.

"Platinamu iliyomo ndani, kampuni. Utando, Korea. Takwimu ni za wote, ila zinatunzwa Norwe kwa sababu kuna baridi."

"Na Chimbwasa?" nikauliza huku nikipita.

"Chimbwasa wamepata uzoefu. Uko pale kwenye gunia."

Kweli, palikuwa na gunia limefungwa vizuri kwa kamba ya mkonge, limeandikwa jina la kijiji. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja bila kusimama. Halikuwa na uzito wowote. Nikalirudisha chini polepole, nisije nikaonekana sina shukrani.

Hapo machozi yakanitoka. Nilimwonea uchungu yule mama wa kitenge, nikajionea uchungu mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye shahada, ninayezunguka waya kama punda wa kinu huku wenzangu wanagawana. Profesa Seo akaniwahi nilipokaribia kibanda.

"Injinia, tafadhali usilie karibu na utando," akasema kwa sauti ya chini. "Chumvi inauharibu."

"Profesa, wewe unaamini kwamba amekufa?"

Aliendelea kupulizia maji. "Nimemlea miaka mingi kwenye maabara," akasema. "Ningependa kumwona akizeeka. Lakini mkataba hauna mahali pa uzee."

Nikapangusa uso kwa kiganja, nikaendelea. Nilipokuwa napita ubavuni mwa kibanda, sanduku likaniita nyuma ya bati. Sauti yake ilikuwa ndogo, yenye majimaji.

"Injinia."

"Naam."

"Wanasema nimekufa."

"Nimesikia."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi naambiwa nikae."

Sanduku likavuta pumzi, likadondosha tone. "Ukikaa," likasema, "nitawaamini wao."

Nikaongeza mwendo. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na kwenye ukumbi wa Korea sikuiona ile ndoo. Nikaigonga kwa kidole gumba, nikayumba, nikashika ukuta. Nilipofika kwenye taa Sista Yunis alikuwa ananisubiri.

"Umejikwaa?"

"Kuna ndoo."

"Angalia unapokanyaga. Kichwa kinaonekana."

"Bado sana?"

"Mtoto hana mkataba, Injinia. Atatoka akiwa tayari."

Nikapita Norwe kwa mara nyingine. Mezani walikuwa wameshapata mahali papya na wanapigiana makofi, theluji inawaangukia kwenye nywele. Mmoja alinipungia mkono, nadhani alinichukulia kuwa mtu wa chai. Nikakata kona, nikashuka tena kuelekea zahanati, na hapo mbele nikaona Bwana Nygaard amepiga magoti.

Ameutandika mkeka. Ameutandika juu ya waya wenyewe, kuanzia ukingo huu hadi ule, akaulainisha kwa viganja usiwe na mkunjo. Pembeni hakuna pa kupita. Upande mmoja kuna mitungi na upande wa pili kuna utando na kofia yake. Kwenye mkeka ameweka kikombe cha chai na mto mdogo wa kuegemea.

"Umechoka, Injinia," anasema, na anasema kweli. "Hakuna atakayekulaumu. Kaa kidogo tu."

Mitungi yote inaitikia, "Kaa."

Profesa Seo anapulizia utando maji. Kibandani pumzi inakwenda na kurudi. Kutoka darini, mbali, namsikia Sista Yunis: "Bega moja limetoka, Injinia. Bega moja."

Ule mkeka ni mzuri. Miguu yangu yote inautaka. Nainua mguu wa kulia, na sijui nauinua nikae au nivuke, na mguu ukiwa bado hewani naamka.

Kumekucha. Jogoo wa nyumba ya wageni alishamaliza kazi yake na kulikuwa na harufu ya maandazi. Nikashuka kitandani, nikasikia maumivu, nikatazama chini. Miguu ilikuwa imevimba hadi kwenye vifundo, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Nikajiambia ni joto, au nimegonga chaga ya kitanda usingizini. Mtu msomi hakosi la kujiambia.

Simu ikaita. Alikuwa Sista Yunis.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama tu."

"Huku tumekesha. Nililetewa mzazi ukiwa umeshaondoka, amejifungua alfajiri, wa kike. Alinisumbua mabega, lakini wote wazima."

"Mungu ashukuriwe. Na taa?"

"Taa haikuwa na neno. Iliyumba mara moja tu, kichwa kinataka kuonekana, ikajirudi yenyewe." Nikasikia vyombo vya chuma vinagongana kwenye beseni. "Wageni wako wameshafika. Yule mrefu amekuja na mkeka. Katandika mbele ya kibanda, kaulainisha kwa mikono. Nikamuuliza wa nini, ananiambia ni wa kwako, utachoka."

Nikautazama tena ule ukucha mweusi.

"Njoo mapema uongee nao, mwanangu. Kuna mzazi mwingine ameshushwa na bodaboda sasa hivi, na njia imeshafunguka. Nikizimiwa sasa sijui nitamzalisha kwa mwanga gani."

"Nakuja. Navaa viatu tu."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, simu begani, nikajaribu kuingiza mguu kwenye kiatu. Haukuingia. Nikajaribu wa pili.

"Ngoja," Sista akasema. "Ngoja kwanza. Hawajagusa kitu, nawaona kutoka hapa, lakini taa inafifia."

Nikaachia kiatu.

"Inafifia, Injinia. Simwoni vizuri huyu mtu."

Nikasimama.

"Haya," akasema. "Imerudi. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Sista. Nilikuwa nimekaa, sasa nimesimama."

Nikamsikia anavuta pumzi, na nyuma yake mwanamke analia kwa uchungu na mtoto mchanga naye analia.

"Basi usikae," Sista Yunis akasema, akaiweka simu chini bila kuikata, akarudi kazini. Nikaviacha viatu chini ya kitanda, nikatoka peku.