Namba ya Katikati

Profesa alikuwa ameshaandika mstari wa nne ubaoni, na Mama Eksi alikuwa hajapepesa jicho. Alikaa safu ya mwisho ya ukumbi wa chuo, mkoba mapajani, akimkodolea macho yule mwanamume aliyewahi kukaa naye dawati moja, kama mtu anayemwangalia muuza nyama akipima.

"Ndiye huyo mwizi wako?" mumewe alimnong'oneza.

"Ndiye."

"Mbona mpole hivi?"

"Ulitaka aje na panga? Nyamaza, baba watoto, niuangalie mkono wake."

Jina la Mama Eksi alipewa na wanafunzi wake wa sekondari, maana haikupita siku bila kuwatafutisha eksi kwenye hesabu. Lakini jioni, madaftari ya kusahihisha yakiisha, alikuwa na kitu chake mwenyewe. Watu wa chuo hukiita polinomia. Yeye alikiita "mistari yangu". Kila mstari wa namba ulizaliwa na miwili iliyoutangulia: unajumlisha majirani wawili wa mstari wa juu, kisha unaongeza mara mbili ya namba iliyo kati yao kwenye mstari wa juu zaidi; pembeni daima ni moja. Ukiendelea, namba zinavimba katikati na kupungua pembeni, zinakuwa kilima. Na hata ufike mstari wa elfu, ukikipunguza kilima kitoshee karatasini, sura yake ni ile ile. Kwa nini? Alihangaika na swali hilo miaka na miaka. Siku alipopata jibu alilia jikoni peke yake, kwa furaha.

Mtu pekee aliyemwonyesha ni Profesa, alipokuja shuleni kwao kugawa zawadi. Wageni walipotawanyika alimvuta darasani, akamwandikia ubaoni mistari saba na hoja yote. Profesa alitazama, akasema, "Si mbaya, dada," akaaga. Hata mwaka haujaisha, likatoka tangazo la mhadhara wake: ugunduzi mpya. Kilima kile kile!

Basi kulikuwa na jambo moja. Siku ile, kwa pupa, Mama Eksi alisahau kuzidisha mara mbili kwenye mstari wa saba. Katikati aliandika mia moja na kumi na nne badala ya mia moja thelathini na sita. Aligundua kesho yake, akaona haya, akanyamaza. Leo kosa hilo ndilo lililomleta. Profesa akiandika namba ile mbovu, yeye angesimama mbele ya ukumbi mzima aseme ilitoka wapi.

Mstari wa tano ukaandikwa. Wa sita. Chaki ikaanza wa saba, na Mama Eksi akabana pumzi.

Mia moja thelathini na sita.

"Vipi?" mumewe aliuliza.

"Ameandika sahihi."

"Sahihi si vizuri?"

Mama Eksi alitamani kulia. Kumbe muda wote huo alikuwa akiomba awe ameibiwa, maana kilichoibwa angalau kilikuwa chake. Sasa ilikuwaje? Watu wawili wamefika pale pale, na mmoja wao ana chuo na kipaza sauti. Ndiyo basi.

"Twende nyumbani," alisema, akasimama.

"Angalieni hapa," Profesa alikuwa akisema, akigonga ile namba ya katikati kwa chaki. "Mtu mwenye haraka husahau kuzidisha mara mbili, anaishia na mia moja na kumi na nne. Nimeshaona!"

Ukumbi ulicheka. Naye alicheka, akainua uso, na macho yake yakapanda safu kwa safu mpaka ya mwisho, yakamkuta mwanamke aliyesimama na mkoba. Kicheko kilimkatikia mdomoni.

Mama Eksi aliketi tena. Aliweka mkoba chini, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

Kule mbele, Profesa alianza kutafuta dasta ya kufutia ubao. Alifungua droo, akainama chini ya meza, akageuka huku na huku, nayo dasta alikuwa ameishika mkononi.