Oili Nzito kwa Baridi ya Bururi

Ayubu, fundi wa magari, hakuwa amesema uongo, hakuna aliyemuuliza. Hivyo ndivyo alivyojidanganya wiki nzima tangu habari za moto zifike Rumonge.

Cikuru, dereva wa lori kuukuu linalopandisha mawese Bururi, alikuwa ameomba oili nyepesi. "Kule juu asubuhi iko baridi sana, Fundi." Ayubu akamwekea nzito. Injini aliyoifungua na kuifunga mwenyewe ilikuwa bado inatoa moshi, na oili nzito hupunguza moshi, huficha kazi mbovu. Lori likaondoka safi, naye akajipongeza, mpumbavu yule.

Na mkewe Hadija anauza mawese! Rumonge nzima inajua kwamba yakifika milimani huganda, mpaka yaoteshwe moto ndipo yamiminike. Ayubu hakutaka kukumbuka hilo. Aliwaza jina lake tu.

Alfajiri huko Bururi oili nayo iliganda, injini ikagoma. Cikuru akasukuma jiko la mkaa chini yake, kama wanavyofanya na mapipa ya mawese. Oili iliyokuwa imevuja ikashika moto, akauzima kwa gunia na viganja vyake.

Sasa alisimama mlangoni mwa gereji, mikono yote imefungwa bandeji, kapu la viazi likining'inia kwenye kiwiko.

"Ni ya Mama Fahima," alisema, akimtaja Hadija kwa jina la mwanawe. "Lori ilipona, wameivuta mpaka hapa nje. Ujinga iko wangu, Fundi. Nani anawasha moto chini ya gari? Murakoze kwa kazi yako."

Ayubu alilipokea kapu. Shukrani ile ilimuumiza kuliko tusi.

"Baba Fabiola," alisema, naye akimwita Cikuru kwa jina la mwanawe, "ujinga si wako. Nilikuwekea nzito makusudi. Niliogopa moshi uonekane, watu waseme Ayubu hajui kazi."

Cikuru alizitazama bandeji zake.

"Ulijua naenda kwa baridi?"

"Nilijua."

Ayubu alitamani kupigwa.

"Weka nyepesi, basi," Cikuru alisema. "Na utaendesha wewe. Mimi sina mikono."

Lori lilipita sokoni polepole, likifuka moshi. Wauza samaki waliziba pua, wakageuka kuona ni fundi gani aliyelitengeneza. Ayubu aliinamia usukani, uso umemwiva kwa aibu.

Cikuru, kando yake, akamwambia ashushe kioo wamwone vizuri.