Saa ya Uswisi Iliyokataa Kukaa Siyu

Kitendawili: ndugu wawili wanafukuzana, mrefu humpita mfupi kila mara, wala nyumbani hawatoki. Ni mishale ya saa, najua mmeshakitegua. Basi hao ndugu wawili nusura wamnyang'anye baba yangu adhana.

Baba yangu, Athman, alikuwa muadhini pale Siyu. Mwaka ule, mimi sijazaa bado, macho yake yaliingia ukungu. Siku za mawingu hakuona kivuli cha kupimia wakati, na mara mbili akaadhini alasiri mapema. Bwana Husseini, msimamizi wa msikiti, akasema, "Akikosea tena, adhana nampa kijana Hamid." Siku hiyo Baba hakugusa chakula.

Nilikuwa na fedha zangu za mikeka. Nikaenda Amu na mume wangu Famau, karani wa forodha aliyekuwa likizoni, tukaingia duka la Bwana Alwi.

"Hii ya dhahabu ni ya maharusi, Bi Hadia. Hii nayo ni ya Uswisi vilevile, mashine nzuri, ila haina mapambo. Shilingi hamsini tu."

"Uswisi ni nti gani?"

"Nti ya milima. Haina bahari."

"Haina bahari! Sasa wao maji kujaa na kupwa wanayajulia wapi, hata watengeneze saa?"

"Ndiyo maana wakatengeneza saa, Bi."

Nikacheka, nikalipa. Tarakimu zake zilikuwa kubwa. Baba akiisogeza puani aliziona.

Siku ya pili, jua utosini, adhuhuri hasa, nikaiangalia pale msumarini nilipoitundika. Kumi na mbili! Kumi na mbili si magharibi? Nikaona haya, nimemletea mzee kitu kibovu. Nikavuta kile kitufe cha ubavuni, nikazungusha mpaka sita. Sikumwambia mtu.

Baadaye nikachungulia: mbili. Saa mbili watu wanakunywa chai ya asubuhi! Nikairudisha nane. Mawingu yakatanda. Ikakaribia alasiri, Baba akaitia puani.

"Hadia mwanangu, hii ni tatu. Tatu ya nini?"

Nikaitikisa, nikaitia sikioni. Inakwenda vizuri kabisa. Nikairudisha tisa. Nikawaza, labda inakumbuka kwao. Tungali tunaigeuza-geuza, Bwana Husseini akasimama mlangoni.

"Athman! Msikiti wa pili wamekwisha sali, wewe unacheza na kidude. Magharibi ukikosea, basi."

Baba akaenda kuadhini, akarudi akaketi kitandani. Mimi nikaenda kutafuta kitambaa cha kuifungia, kesho nimrudishie Alwi. Niliporudi, nikamkuta Famau ameishika, anazungusha kitufe.

"Unafanya nini?"

"Naitengeneza. Mara ya tatu leo inaruka saa sita!"

"Mimi ndiye ninayeitengeneza!"

"Wewe? Kumbe ni wewe unayeiharibu!"

"Jua likizama si kumi na mbili?"

"Likizama ni sita, Bi. Forodhani sote tunajua."

"Kwani forodhani kwenu kuna jua lenu?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Famau, hapa hakuna meli ya kuandikisha. Iache. Hadia, panda darini. Jua likizama, niite."

Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yamepasuka. Jua lilipomaliza kuzama, nikapiga ukelele. Baba, pua juu ya kioo, akaipanga mishale yote miwili kwenye kumi na mbili kwa mkono wake, kama walivyofanya wenye saa wote pale mjini, kisha akatoka upesi. Sauti yake ikatangulia misikiti yote.

"Leo umewahi," alisema Bwana Husseini. Na kesho yake, kwa mawingu yaleyale, alasiri ikaadhiniwa kwa wakati. Hamid hakuitwa.

Famau aliapa kwamba sasa ndipo saa ilipoharibika. Nikamuuliza, "Huko forodhani, siku mpya inaanza lini?"

"Katikati ya usiku, watu wamelala."

"Sasa nani aliyeiona ikianza?"