Daftari la Vichochoro

Komeo lililia kidogo gizani, chuma kikisugua chuma, kisha kimya. Mama Kasuku alifumbua macho na moyo ukamruka kabla akili haijaamka. Amerudi, aliwaza. Akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akagusa shuka baridi.

"Nani hapo?"

"Mimi." Binti yake wa miaka mitano, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa jinsi asivyofunga mdomo, alikuwa amesimama juu ya kigoda mlangoni, pekupeku. "Namfungulia baba. Akija mikono yake inakuwaga imejaa."

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Baba Kasuku alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na kila alipokuwa zamu komeo liliachwa wazi, maana alirudi alfajiri na mkate kwapani na viatu mkononi, asije akaamsha mtu. Miezi saba iliyopita halmashauri ilikata fungu la kituo cha dharura cha kata yao. Gari likahamishiwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Dereva akaenda nalo, kama usukani.

"Kalale, mama'ngu. Bado hakujakucha."

Mtoto alipolala tena, Mama Kasuku akarudisha komeo taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha asiyekuja.

Kituoni alikuwa amebaki yeye, simu ya mezani, na kiti kinachochechemea. Kazi yake ilikuwa kupokea wito na kuupeleka wilayani, ambako kata nne sasa ziligombea gari moja. Nje, chini ya paa la bati ambapo gari lilikuwa likiegeshwa, palibaki doa la mafuta. Kila asubuhi alifagia kulizunguka. Hakuwahi kulimwagia sabuni.

Saa tatu simu iliita.

"Uko wapi?" aliuliza. Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza siku zote. Ukimuuliza mwenye hofu ana nini, atalia. Ukimuuliza yuko wapi, atasimama.

"Nyuma ya tangi la maji! Mjomba kaanguka kutoka juu ya bati, mguu umepinda, dada, umepinda vibaya!"

"Msimnyanyue. Mmoja asimame njiani avue shati, alipungie gari."

Akafungua daftari. Waliliandika wawili, yeye na mumewe, jioni baada ya jioni, kwa sababu nyumba za kata yao hazina namba. Mume alitembea vichochoro akihesabu hatua; yeye aliandika. Kando ya kurasa nyingine kulikuwa na alama za grisi za vidole vya mumewe. Hizo alizifungua hata pasipokuwa na wito.

"Namba ya nyumba?" kijana wa wilayani aliuliza, alipompelekea wito.

"Haina. Dereva apite kwa fundi viatu, akiona lango la kijani..."

"Dada, hapa pangu pana nafasi ya namba tu."

Gari lilifika baada ya saa moja na robo. Zamani zilikuwa dakika kumi na moja. Lilipofika, majirani walikwisha kung'oa mlango kwenye bawaba zake na kumbeba mjomba juu yake mpaka barabarani, naye akiwatukana njia nzima, jambo lililowapa watu moyo.

Saa kumi mkutano wa kata ulikaa shuleni. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Mwenyekiti alisoma barua: halmashauri ingelipia nusu ya gharama za kituo, iwapo wakazi wangekubali tozo ndogo kwenye ankara ya maji kila mwezi. Wakikataa, hata simu itaondolewa.

"Tuseme ukweli, jamani!" Alikuwa Bwana Kinu, mwenye mashine ya kusaga, nyusi zake nyeupe kwa unga. "Mama Kasuku anataka tumlipie nauli ya mume! Kitanda kikipoa, nacho ni dharura?"

Darasa likaangua kicheko. Hata mwenyekiti alijificha nyuma ya barua.

Mama Kasuku alisimama. Masikio yalimwaka moto.

"Namtaka, ndiyo," alisema. "Namtaka mpaka naona haya. Kwa hiyo msinisikilize mimi. Sikilizeni hili."

Akafungua daftari.

"Kwa muuza mkaa: ngazi tatu, ya pili imevunjika. Mbwa anabweka, haumi."

"Nani kasema haumi?" muuza mkaa alidakia. "Mnaniharibia ulinzi!"

"Kwa pacha wawili: gari liishie kwenye ukuta wa matofali, hatua arobaini kwa miguu. Kwa mwalimu mstaafu: gonga dirishani, sikio la kulia halisikii."

"Nani?" mwalimu mstaafu aliuliza, na watu wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa cha watu wa nyumba moja. Wakaanza kugeukiana. Hapo ni kwangu. Soma na kwetu.

"Kinuni: usipite mbele, kuna mtaro. Zunguka uani, mlango mwembamba, machela iingie kwa ubavu."

Mstari wa mwisho hakuusoma. Uliandikwa kwa mkono wa mumewe: *Bibi anaogopa giza, mwachie taa usoni.* Bwana Kinu aliukumbuka usiku ule mama yake alipotolewa kwa mlango huo, juu ya machela, akiwa hai. Akainamia mikono yake, akaanza kukung'uta unga usiokuwepo.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mkono wa Bwana Kinu ulipanda nusu, kama wa mtu anayejikuna kichwa.

"Huo ni mkono au ni chawa?" jirani yake alimuuliza.

"Hesabu, wewe!"

Sitini na tatu kwa hamsini na nane. Majibu ya halmashauri yangetoka mwisho wa mwezi. Ikitia saini, gari lingeletwa. Gari lipi, na dereva yupi, barua haikusema. Mama Kasuku aliisoma mara mbili, akaigeuza na nyuma.

Jioni alimpigia mumewe, simu haikupatikana. Yuko barabarani, alijiambia, na mtu fulani asiyemjua anamuuliza yuko wapi.

"Baba anarudi?" Kasuku aliuliza akiwa amejifunika shuka.

"Watu wamenyoosha mikono, mwanangu."

"Wengi?"

"Wengi kidogo."

Alisubiri mpaka pumzi za mtoto zikatulia, akapuliza taa. Akaenda mlangoni, akashika komeo. Lilikuwa baridi. Nje ya tundu la ufunguo palipita upepo, na nyayo za mpita njia aliyekuwa akirudi nyumbani kwake.

Nyuma yake, kutoka kitandani, sauti ilisema wazi kabisa:

"Mama, leo usirudishe komeo."